Padri Aliyecheza Kriketi Kwenye Ukungu wa Muaither

Usiniulize kama nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimeamka, nimenawa uso, nimekunywa chai, na miguu yangu ilikuwa imekanyaga mchanga wa Muaither, pembeni mwa Doha. Ninayokusimulia niliyaona kwa macho haya. Ukitaka kucheka, ngoja kwanza nimalize.

Wakati huo nilikuwa mlinzi kule Lusail, enzi ambazo Lusail ilikuwa bado kreni na vumbi. Chumbani nilikaa na Mganda mmoja aitwaye Wasswa, mtu wa Jinja. Kabla ya kuja Ghuba alikuwa mwanajeshi kwao, na alipigana vita vya msituni. Lakini ukimngoja akusimulie vita, utangoja sana. Yeye alisimulia habari za padri.

Huyo padri alikuwa kasisi wa kikosi chao. Ujanani alikuwa mwalimu wa shule na mchezaji wa kriketi, anarusha mpira kwa mkono wa kushoto. Baadaye akawa mtu wa kanisa, na kanisa likampeleka jeshini. Bunduki alikataa kubeba. Mwanajeshi akiangukia mahali ambapo risasi bado zinapita, padri alitambaa mpaka pale, akakaa naye, akamshika mkono hadi mwisho, uwe mwisho wa namna yoyote. Na siku ambazo hakukuwa na wa kuzika, alichonga gongo kwa ubao wa sanduku la risasi, akasimika vijiti, akawafundisha wanajeshi kriketi.

"Tulikuwa hatulali," Wasswa aliniambia. "Lakini tukicheza na padri, usingizi unakuja wenyewe."

Ndiyo maana kila Ijumaa Wasswa alicheza na Wapakistani kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi pale Muaither. Mimi mchezo ule sikuuelewa. Nilikuwa mtu wa kubeba maji.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja ya majira ya baridi, kumeshapambazuka, ukungu ulishuka mpaka ukuta wa kambi haukuonekana. Nilitangulia kiwanjani na gongo la Wasswa ili nishike nafasi kabla ya timu nyingine. Nilikuwa na haraka pia. Supavaiza alikuwa ameniitia ovataimu katika hoteli moja kule Al Sadd, na basi la kampuni lilikuwa karibu kuondoka.

Ndani ya ukungu kulikuwa na mtu. Mzee mwembamba, Mwafrika, suruali nyeupe, sweta nyeupe, shingoni kola ya kipadri. Alikuwa anapima kiwanja kwa hatua, polepole, kama anatembea ndani ya maji. Unadhani niliogopa? Wala. Nilihisi utulivu kama ule wa kusinzia kanisani utotoni, kichwa kikiwa pajani mwa mama.

"Jambo, kijana," akasema, kwa Kiswahili kile cha wanajeshi wa Uganda. "Simama pale na gongo. Mimi natupa."

Nikasimama, sijui kwa nini. Akatoa mpira mfukoni, akaupuliza, akarusha. Mpira uligonga mchanga bila sauti, niamini. Nikaupiga, mimi ambaye sijawahi kupiga, nao ukapaa ukamezwa na ukungu, na sikuusikia ukianguka. Mzee akacheka kwa raha. Akatupa mwingine, na mwingine. Tulicheza muda gani? Hata leo siwezi kusema. Jua lilikuwa doa jeupe tu, wala halikusogea.

Kisha akaja akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Unaona," akasema. "Mikono yangu imepoa siku nyingi. Yako bado iko na moto. Leo usiende mbali na kijana wangu."

"Kijana gani, mzee?"

"Huyo anakuja."

Nikageuka. Wasswa alikuwa anatokeza kwenye ukungu, anafunga vifungo vya shati. Nilipogeuka tena, mbele yangu palikuwa na mchanga mtupu, na nyayo zilikuwa zangu tu.

Nilimweleza yote. Hakushtuka. Aliniuliza tu mzee alirusha kwa mkono gani. Nikamwambia wa kushoto, na kwamba aliupuliza mpira kwanza. Wasswa akaugeukia ukungu.

"Huyo ni padri," akasema. "Alikufa zamani, ndugu yangu. Mimi nilibeba sanduku yake."

Nikamsihi turudi chumbani. Akatabasamu.

"Padri atoke mbali hivyo aje kuniona, halafu mimi niende kulala?"

Basi likapiga honi barabarani. Nilitamani kwenda, sikufichi, maana supavaiza yule hakuwa mtu wa kusamehe. Nikabaki.

Ukungu ulipoinuka Wapakistani walifika, mchezo ukaanza. Wasswa alicheza vizuri kuliko siku zote. Halafu, katikati ya kukimbia, akapunguza mwendo, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Nilimfikia wa kwanza. Jasho lilikuwa linamtiririka. Imran, kiongozi wa timu, akaipigia simu ambulensi, wenzake wakatutandazia mashati juu ili tupate kivuli.

Niliushika mkono wake wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala mchangani, lakini vidole vilikuwa vimekunjwa, vimekaza, kama vya mtu aliyeshikwa mkono. Na hapo kando mchanga ulikuwa umebonyea, kama mtu amepiga magoti. Wasswa alitazama upande ule, si upande wangu.

"Ndiyo, padri," akasema.

Akavuta pumzi ndefu. Ambulensi ilipofika alikuwa ameshakwenda.

Mwili ulisafirishwa Jinja. Mama yake alinipigia simu, dada yake Wasswa akawa anatafsiri. Mama alikuwa na swali moja tu: mwanangu alikuwa peke yake?

"Hapana, mama," nikasema. "Tulikuwa naye wawili."

Hakuuliza wa pili ni nani. Akaniombea baraka kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, nami nikasikiliza mpaka mwisho bila kuelewa neno.

Tangu hapo siwezi kupita kwenye mchezo ule bila kusimama na kuhesabu waliomo. Huwa nahisi wamezidi.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliye ugenini. Mtu usiyemjua akikutokea asubuhi akakutajia rafiki yako, usimwulize maswali mengi. Mwache, umrudie rafiki yako, na ukae naye.