Kifua cha Mzee Kigingi

Wapagazi ndio waliompa jina la Daktari Buti, maana hata siku ya kuchanja watoto alikuwa na viatu vyake vya mlimani miguuni, kamba zimefungwa mpaka juu. Alisema hajui redio itamwita saa ngapi. Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili vya mabati chini kabisa ya mlima, pale barabara ya magari inapoishia na njia ya miguu inapoanza. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda, mizani na kabati la dawa. Cha pili kilikuwa na machela tatu ukutani, mitungi ya oksijeni, na mkoba mwekundu ambao haukulala hata siku moja bila kufungashwa.

Hakuanzia hapo. Miaka sita alikuwa wodi ya upasuaji ya hospitali kuu, mahali ambapo daktari akitulia huheshimika na kunenepa. Kilichomtoa ni mpasua mbao mmoja aliyeletwa kutoka msituni, ameumwa na nyoka kifundoni. Wenzake walikuwa wamemfunga kamba chini ya goti, wakaikaza kwelikweli, wakambeba siku nzima. Daktari alipoifungua, mguu ulishakufa. Ikabidi ukatwe, na sumu yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutibika. Kamba ndiyo iliyoula mguu. Wiki hiyo hakula vizuri. Alikuwa akiwaza kwamba alipaswa kuwa kule, wakati ile kamba inatolewa mfukoni. Akaenda kusomea tiba ya porini, yaani namna ya kumhudumia mgonjwa mahali pasipo na barabara, umeme wala paa. Mumewe alimkubalia shingo upande, akamtembelea mara mbili, kisha simu zao zikapungua mpaka zikabaki za kupeana taarifa za misiba.

Njia za mlima alifundishwa na kiongozi wa wapagazi, mzee mfupi mwenye mabega mapana. Walimwita Mzee Kigingi kwa sababu akishika upande wake wa machela hang'oki, hata tope liwe la magotini. Alimfundisha kushuka kwa visigino, kuutambua ukungu kabla haujatanda, na kutomwamini mgeni yeyote anayesema yuko fiti. Alimwita mwanangu. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo, akamtumia chai kwenye chupa kila mara daktari aliposhuka na mgonjwa, na chupa isiporudishwa siku ya pili alikuja mwenyewe kuidai, akae, wazungumze mpaka chai ya pili.

Mwaka wake wa kumi na mbili mlimani, kundi la wageni wanane lilikuja kupanda. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mpagazi apimwe siku ya kuondoka. Mzee Kigingi alikuja wa mwisho, akavua shati, akageuka. Daktari akaweka stetoskopu mgongoni. Chini, upande wa kulia, akasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekunja karatasi kavu chumba cha pili. Akamwambia avute pumzi tena. Karatasi ikakunjwa tena.

"Mzee, unakohoa?"

"Vumbi tu, mwanangu. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho, unajua. Usinishushe njiani kama mzigo uliopasuka."

Alijua. Kila mtu pale alijua kwamba mzee akirudi anastaafu, na vijana walishachanga wamnunulie kiti cha kuegemea. Kidude cha kubana kidoleni kilisoma oksijeni ya kutosha. Homa hakuwa nayo. Nje mwongozaji alikuwa anaita majina. Daktari akasita, akamtazama usoni, kisha akaandika kwenye fomu kwamba yuko sawa.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, redio ikaita kutoka kambi ya juu. Mwongozaji alisema Mzee Kigingi hawezi kutembea hatua tano bila kukaa, midomo imegeuka bluu, na anakohoa povu lenye rangi ya waridi. Daktari akauliza tangu lini. Tangu jana mchana, akajibiwa, ila alikuwa anajikaza kisabuni na kuwakataza watu wasiseme. Daktari aliagiza wamshushe saa hiyo hiyo, wasisubiri kitu. Akaomba helikopta. Ukungu ulikuwa umekaa mlimani kama kifuniko, rubani akasema haiwezekani. Basi akabeba mkoba na mtungi, wapagazi wanne wakabeba mitungi mingine, wakapanda kuwalaki.

Walikutana saa saba mchana kwenye kijito cha mawe. Mapafu ya mzee yalikuwa yamejaa maji. Ndivyo mlima mkubwa unavyoua: hewa nyepesi inabana mishipa ya mapafu, na maji yanavuja kuingia pale panapotakiwa kukaa pumzi, na kifua kilichoanza safari kikiwa na maradhi hakina pa kujitetea. Alimvisha barakoa ya oksijeni, akampa dawa ya kulegeza mishipa, akamfunga kwenye machela akiwa ameinuliwa mgongo. Dawa ya kweli ilikuwa kushuka, na kushuka kulikuwa mikononi mwa wabebaji, utelezi na mizizi. Mzee mwenyewe, kila alipopata pumzi, alikuwa akiwaelekeza pa kukanyaga.

Waliposimama kubadilishana mabega, alimvuta daktari kwa kidole.

"Ulisikia," akasema.

"Nilisikia, mzee."

"Usiwaambie."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Saa kumi kasoro, mwendo wa saa moja na nusu kutoka barabarani, pumzi ikakatika. Walimlaza juu ya majani yaliyolowa, daktari akapiga magoti, akakandamiza kifua kile kile alichokisikiliza siku mbili kabla. Alikandamiza dakika arobaini. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache, mpaka mwongozaji alipomshika mabega yote mawili. Mtungi wa pili ulikuwa bado na oksijeni.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mjane, akiwa na tope mpaka kiunoni. Mama yule alisikiliza bila kupepesa macho, kisha akauliza swali moja tu.

"Si ulimpima?"

"Nilimpima, mama. Nilisikia kitu kifuani. Nikamwacha apande."

Mjane akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Kesho yake alituma mtu kumwomba daktari asifike mazishini. Daktari hakufika. Siku hiyo alishinda chumba cha machela, akifua kamba na kuzianika, na wapagazi walipopita kutoka makaburini walimwamkia kwa sauti za chini bila kusimama.

Mkuu wa kituo cha uokoaji alimshauri taarifa iishie kwenye maradhi ya mlima. Mchakacho mdogo kifuani, alisema, daktari yeyote angeupuuza. Daktari aliandika yote, na saa aliyoyasikia. Kamati ya uchunguzi ikamwondoa kwenye kazi za mlimani miezi sita. Aliporudi hakuwa mtu yule. Mpagazi yeyote aliyekuwa na mafua alirudishwa nyumbani, asikilizwe asisikilizwe. Watu wakakosa safari, wakakosa riziki, wakaanza kumficha. Walikwenda kukohoa nyuma ya ghala, wakanywa maji ya moto, ndipo wakaingia kupimwa na nyuso kavu. Alijua kwamba anadanganywa, na alijua kwamba yeye ndiye aliyewafundisha.

Mwaka wa pili baada ya mazishi mjane alikuja zahanati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeunguzwa na maji yaliyochemka, na hapakuwa na daktari mwingine karibu. Alimwita daktari, basi, si mwanangu. Akawa anakuja kila siku kufungwa kidonda, anakaa kwenye kiti, ananyoosha mkono, anatazama kabati la dawa. Siku nane hawakuzungumza zaidi ya maumivu yamepungua au hayajapungua.

Siku ya tisa ngozi mpya ilikuwa imeshika. Daktari alimwambia hana haja ya kurudi tena. Mama hakuinuka.

"Siku nne kabla hajaondoka," akasema, "alilala kwenye kiti. Alisema mgongo unamsumbua. Nilikuwa namsikia anavyovuta pumzi. Nilijua si mgongo."

Daktari akaiweka bandeji chini.

"Nikanyamaza," mama akasema. "Alikuwa ameitamani sana safari ile. Siku uliyokuja, nilifunga mlango kwa sababu ulisema kitu chako, na mimi changu sikuweza kukisema."

Daktari alitaka kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, kwamba mke si daktari. Alifungua kinywa, akaona kwamba maneno hayo yatamrudisha mama nyumbani peke yake na kosa hilo. Akavuta kiti kingine, akakaa. Nje kundi jipya lilikuwa linapanga mizigo, na kwenye foleni mtu alikohoa, akajibana haraka. Wote wawili walimsikia.