Uzi Juu ya Ufa

Alikuwa akigonga kwa kastabani.

Kwa asiyejua, kastabani ni kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asijitoboe akiisukuma sindano. Yangu ilikuwa imeruka, sijui wapi. Yake ilikuwa bado kidoleni, na alikuwa akiigonga kwenye jiwe, tki, tki, tki, upande wa pili wa boriti iliyonilalia mkono. Vumbi la chokaa limenijaa mdomoni, siwezi kuita. Nikawa namjibu kwa kukwaruza kwa kucha. Nje uchochoroni watu wanapiga kelele, "Wamo! Wamo wawili!" na mmoja anawakataza wenzake wasivute mawe ovyo. Akagonga tena. Kisha akagonga polepole, kama mtu anayeshona huku anasinzia. Kisha nikasubiri. Mpaka leo nnasubiri.

Mie nimesoma mpaka darasa la tano, Jang'ombe, nikatolewa kwenda kulea watoto wa shangazi. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umepungua vidole vitatu. Hati yangu ikiwa mbaya, mnajua sababu.

Kushona nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, Mwarabu wa mashamba yaliyokwisha, aliyebakiwa na sanduku moja na sindano zake. Mpole hakuwa. Ukikosea hakwambii wapi, anafumua yote anakurushia.

Mishono ya mkono si mingi. Kuna bandi, ya kushikiza tu: sindano juu, sindano chini, mapana mapana, ukijua baadaye utaifumua. Kuna mshono wa kurudi: unakwenda hatua mbele, unarudi nusu nyuma, na huo ukishonwa sawasawa kitambaa kitachanika mshono ubaki. Kuna kukunga, yaani kuukunja ukingo wa nguo mara mbili na kudokoa uzi mmoja mmoja wa kitambaa, kwa nje kisionekane kitu. Na kuna marinda, yale mafundo ya vikunjo kwenye miguu ya suruali za wanawake wa zamani. Hayo unapiga bandi mbili sambamba, unazivuta pamoja mpaka kitambaa kijikunyate, halafu kila kikunjo unakikamata peke yake kwa mshono wa kurudi. Mguu mmoja ni kazi ya siku mbili.

Nilipokuwa mvivu nikapiga bandi pahala pa mshono wa kurudi, bibi aliniuliza, "Hii unamshonea nani, maiti?" Maana kwetu sanda ndiyo hupigwa bandi, na uzi wake haufungwi fundo.

Ujuzi huo haukunipa kula miaka mingi. Watu wana cherehani. Mpaka akaja yule tuliyemwita Mkurugenzi, mwanamke wa miwani na mtandio wa hariri, anaandaa maonyesho ya mavazi ya kale. Alitaka suruali za marinda, kanzu za kike, barakoa za kufunikia uso, vyote kwa mkono, asisikie mlio wa mashine. "Mgeni akichungulia ndani ya pindo aone mkono wa mtu," alisema. Alikuwa na kioo cha kukuzia, anainama nacho kwenye pindo zetu mpaka pua inagusa kitambaa. Kwa kushona alikuwa anajua kuangalia, hilo siwezi kumnyima.

Tukakusanywa wanawake sita, tukawekwa kwenye nyumba kongwe aliyoikodi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, nyuma ya maduka. Juu yetu akawekwa msimamizi, kijana wa miaka thelathini hivi, simu haimtoki mkononi. Kazi yake kuandika nani kamaliza nini na kufunga lebo kwenye nguo zilizokwisha.

Katika sita hao mmoja alikuwa Mtumbatu, wa kisiwani Tumbatu, kaolewa mtaa wa Amani, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Siku ya kwanza tu alinianza.

"Mwarabu wa Jang'ombe, mnazi huna, mkarafuu huna. Kiburi hiki umekipata wapi?"

"Nimeazima Tumbatu," nikamwambia. "Si mnacho cha kugawa?"

Akacheka mpaka akaangusha sindano, tukaitafuta sote kwenye mkeka kwa magoti. Tangu hapo tukawa tunakaa pamoja.

Masika yakaingia. Ni yeye aliyeuona ufa, kwenye kona ya dirisha, unapanda kwenda kwenye boriti. Akauchokoa na sindano. "Shoga, juzi huu ulikuwa hauingii uzi," akasema. "Leo unaingiza sindano."

Tukamwita msimamizi. Akautazama namna mtu anavyomtazama paka wa jirani.

"Bi mkubwa, nyumba hizi zina nyufa tokea hamjazaliwa."

"Bwana, wenyewe wanasema usipoziba ufa..."

"Zibeni matundu ya nguo," akamkatiza. "Kuta tuachieni wanaume."

Ndipo Mtumbatu akafanya alichofanya, kitu ambacho mtu asiyeshona asingekifikiria. Akachomeka sindano mbili kwenye chokaa, moja kila upande wa ufa, akapitisha uzi wa pamba tuliokuwa tunaupaka nta, akaukaza mpaka ukawa unalia kama uzi wa gambusi. Kwenye sindano akaufunga kwa fundo letu: unapita tunduni mara mbili, unajirudia wenyewe, unabaki kijifundo kidogo kama punje ya ufuta. Akasema, "Ukuta ukijongea, huu utatwambia."

Ukatwambia siku ya nne: tuliukuta umekatika. Tukauonyesha. Msimamizi akasema uzi wetu mbovu. Tukaufunga mwingine, mara mbili, tukautia nta zaidi. Siku ya tatu tukaukuta umekatika. Safari hii aliupiga picha kwa simu, akasema anampelekea Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuja baada ya siku mbili na kioo chake. Alikagua pindo mbili na marinda ya mguu mmoja. Mtumbatu akamwelekeza ukutani kwa kidole chenye kastabani. Hata hakuusogelea ufa. "Nimeona picha," akasema. "Mabibi zangu, maonyesho Jumamosi. Tumalizeni kwanza, kisha ntaleta fundi." Mie nlikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Ndiyo maneno yake.

Tukafunga uzi wa tatu.

Jumatano asubuhi, kufika tu, mmoja wetu akashangilia: uzi mzima, haujakatika. Wenzetu wakasema ukuta umetulia, alhamdulillahi, wakatandika mikeka. Mtumbatu akavaa miwani yake. Akakaa mbele ya ule ufa, kisha akaniita.

"Hebu njoo. Hili fundo la nani?"

Nikaangalia. Uzi ulikuwa mweupe wa kung'aa, uzi wa cherehani. Sisi uzi wa cherehani tulikatazwa, haukuwamo humo ndani ila kibunda kimoja alichokuwa nacho msimamizi cha kufungia lebo. Na fundo lilikuwa kubwa, limekazwa vibaya, mikia miwili iko nje, fundo la mtu anayefunga mfuko wa sukari. Tukageuka wote wawili kutazama kanzu iliyotundikwa mlangoni, imekwisha, ina lebo. Uzi ule ule. Fundo lile lile, mikia yake miwili.

"Labda kafunga kwa wema," nikasema. "Kaukuta umekatika, kaona atusaidie."

"Kama kaukuta umekatika, ufa umeongezeka. Ufa umeongezeka na yeye anajua, anatufungia uzi tusijue." Akaukata kwa meno ule uzi, akauzungusha, fundo na yote, kwenye kipande cha karatasi ngumu. "Shika wewe. Mie kila kitu napoteza."

Nikaufunga kwenye ncha ya kanga yangu, kama mtu anavyofunga nauli.

"Twende zetu," akasema.

Hapa sasa ndipo ninapotaka msikilize, maana nimewataja wenye makosa na mmoja sijamtaja. Nilimwambia, "Imebaki pindo moja. Jumamosi hiyo hapo. Tumalize tuondoke kwa heri." Nilisema mimi. Hakusema msimamizi, hakusema Mkurugenzi. Mtumbatu akanitazama, akavuta mkeka, akakaa.

Adhuhuri wenzetu wanne wakateremka kusali. Sisi tukasema tutawafuata, tumalizie. Nilikuwa nakunga suruali ya rangi nyeusi kwa uzi mweusi, na mawingu yamefunga, sioni kitu. Nikawa najidunga tu. Akanisonya.

"Macho ya popo! Toka hapo, njoo kwenye mwanga. Mie naweza kushona hata nimefumba."

Tukabadilishana. Akachukua ule mguu wa suruali mikononi mwangu akaendelea pale nilipoishia, kwenye kona ya ukuta. Mie nikakaa chini ya dirisha na kanzu ya mtu mwingine. Alikuwa anavuma kitu puani. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kipya kinachochanwa, nikafikiri nimekanyaga nguo. Kumbe ni ukuta.

Dirisha lilikuwa na nguzo za mti mzito, ndizo zilizonikinga. Yeye hakuwa na kitu.

Hospitali walinikatia nguo mwilini, wakazitia kwenye mfuko. Dada yangu akanirudishia ile kanga baada ya siku kadhaa, ncha yake bado imefungwa. Mtumbatu alikuwa kashazikwa. Nilimuuliza mmoja wa wenzetu nani kapiga bandi sanda yake. Akasema wamepiga wao wanne. Nikamuuliza, "Hamkufunga fundo?" Akasema hawakufunga. Nikageuka ukutani.

Ikaundwa kamati. Ilichokiandika nilisomewa na mpwa wangu, mara tatu, maana mara ya kwanza nilidhani karuka mstari. Mvua kubwa. Nyumba kongwe. Na kisha: watumiaji wa chumba walikuwa wakichomeka vitu vyenye ncha ukutani na kutundika nguo nzito. Yaani sisi. Zile sindano mbili za Mtumbatu ndizo zilizoangusha nyumba ya mawe. Picha aliyoipiga msimamizi ndiyo iliyokuwa ushahidi. Uzi uliokatika hawakuutaja. Nilikwenda mwenyewe na bendeji yangu kuwaonyesha uzi mweupe, karani akaniambia, "Bi, hilo ni fundo tu. Fundo halina mwenyewe."

Hajashona huyo.

Maonyesho yalisogezwa mbele, yakafanywa katika ukumbi mwingine. Nilikwenda, nikasimama foleni na wageni. Suruali nyeusi ilikuwemo ndani ya kioo, imefuliwa, imepigwa pasi. Chini yake wameandika kwamba imeshonwa kwa mkono na akina mama wa Zanzibar. Nikainama mpaka pua ikagusa kioo. Kwenye pindo la mguu wa kushoto nilikuona kukunga kwangu, punje punje, hakunyooki sana kwa ajili ya macho. Kisha kwake: unaweza kukesha unakutafuta, hukuoni, kitambaa kimekunjika kama kilivyozaliwa. Kunakwenda urefu wa kiganja. Kisha kuna mkono wa tatu, mpana, wa haraka, umemalizia. Nani walimpa amalizie sijui.

Na kiunoni ilining'inia lebo, imefungwa kwa uzi mweupe wa kung'aa, mikia miwili nje.

Msimamizi, sikutaji jina, unajijua. Nambie uliukuta uzi wetu umekatika saa ngapi, na kwa nini mkono wako ulikimbilia kibunda pahala pa kukimbilia simu. Kama uliipiga hiyo simu, nambie aliyeipokea alikujibu nini. Na wewe Mkurugenzi, uliyeweza kuhesabu nyuzi za pindo kwa kioo, njoo na kioo hicho hicho. Uzi ninao, umo kwenye ncha ya kanga. Ntauweka mezani mbele yenu wote wawili, mbele ya kamati yenu, mbele ya watoto wake watatu walioko Amani, na lebo ya suruali ile iwe pembeni yake. Mutazame mafundo mawili, kisha mmoja wenu afungue mdomo aseme: lile la ukutani, nani alituma lifungwe?