Cherehani Bila Uzi

Mpaka wa Goma ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na Bushira, mkimbizi asiye na karatasi, alilala mgonjwa nyuma ya pazia la Saidati, fundi wa nguo wa mtaa wa Nengo, ng'ambo ya mpaka huo. Kila Bushira alipokohoa, Saidati alikanyaga cherehani kwa nguvu ili majirani wasisikie. Wangemripoti, naye angerudishwa kwenye vita.

Jirani yake Juvénal akachungulia dirishani. "Dada Saidati, we unashona nini bila uzi?"

"Mi najaribu mashine tu, kaka."

"Bon, jaribu sana," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho wanapita kupima watu nyumba kwa nyumba."

Alipoondoka, Saidati alisimamisha mguu, akasikiliza. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Akaomba asikie kikohozi hata kimoja.