Kikombe Ambacho Maman Feza Hakuonja

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwangu lilikuwa pasi. Zaituni, mke wangu, alikuwa akininyooshea shati la kazini, na simu yake ilikuwa mezani ikisimulia kwa Kifaransa habari za mwanamume wa nchi ya mbali aliyeua wanawake, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, huku majirani wakija kwake kuazima ngazi. Alipenda habari za namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa biolojia na sikuona faida yake.

"Papa Salima, unafikiri ule muntu alikuwa analala muzuri?"

"Zima hiyo kitu."

"Nitazima wakishamukamata."

Hakusikia alivyokamatwa. Mlango uligongwa, akaingia jirani yetu Maman Sifa na chupa ya chai ya tangawizi, kwa sababu tangu asubuhi Zaituni alikuwa akilalamikia kichwa. Alimmiminia mbele yangu na ya binti yetu. Zaituni akanywa nusu kikombe akiwa amesimama, pasi mkononi. Alasiri alianguka. Hospitalini daktari alinionyesha picha: mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Presha ya muda mrefu, alisema. Tulimzika kesho yake.

Siku ya tatu ya matanga sikuweza kukaa. Nilikuwa nimepanga viatu vya wageni mlangoni mara nne. Mariamu, dada mkubwa wa Zaituni, aliniita kutoka mkekani.

"Shemeji, kitu gani alikunywa ya mwisho?"

Nilirudi kwenye viatu.

"Shemeji, minakuuliza weye."

Aliyejibu ni Salima, binti yangu wa miaka tisa. "Chai ya Maman Sifa."

"Alisogongera?"

Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Tunaita kusogongera. Ukiuliza utaambiwa ni adabu, na ni kweli, lakini adabu hiyo ilizaliwa na hofu ya sumu, na kila mtu anajua.

"Hapana," Salima alisema. "Hakusogongera."

Wanawake waliguna. Mmoja alimvuta karibu. "Sema tena, mutoto."

Salima akasema tena, na safari hii akaongeza kwamba mkono wa Maman Sifa ulikuwa unatetemeka. Nilikuwepo. Mkono haukutetemeka. Nilimtazama mwanangu usoni na nikaona kitu ninachokijua, kwa sababu niliwahi kukibeba mimi mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wake, hapa hapa mjini Kamembe, Maman Feza aliuza uji baridi wa mtama karibu na karakana za maseremala. Alikuwa mjane kutoka Gitambi, na binti mmoja, Feza. Ilisemwa kwamba huko Gitambi alikuwa amemzika mume, mama mkwe na majirani wawili, na kwamba wote walikuwa wamekunywa kwake. Bibi yangu, aliyenilea, alinionya nisiguse kikombe chake.

"Ile sumu aliachiwa na mama yake," Bibi alisema. "Iko na njala. Ikikaa siku mingi haijakula muntu, inamusumbua, hapati usingizi. Akikosa muntu wa inje, atapatia mutoto wake mwenyewe."

Sisi watoto tuliyajua maneno hayo kwa moyo. Na hatukuweza kukaa mbali. Tulitoka shule kwa njia ndefu ili tupite mbele yake. Tulichungulia ukucha wa kidole gumba, kwa sababu ndiko sumu hufichwa. Watu wazima walikuwa hivyo hivyo: walinunua kikombe, wakahakikisha ameonja, wakanywa taratibu wakimkodolea macho, kisha wakaenda kusimulia. Sidhani kama kuna mtu Kamembe aliyeuza uji mwingi kumshinda.

Siku moja niliiba mapera mabichi kwenye bustani ya jirani nikayala mengi. Kiu ilinishika. Maman Feza alikuwa peke yake. Alinimiminia, akaninyooshea kikombe, hakuonja. Niliona kwamba hakuonja. Nilikunywa kwa sababu ya kiu, na pia, niseme ilivyo, kwa sababu nilitaka kujua.

Kabla ya jua kuzama nilikuwa ninatapika uani.

"Ulikunywa wapi?" Bibi aliuliza, amenishika kichwa.

Kuiba mapera kulikuwa na fimbo yake. "Kwa Maman Feza," nikasema. "Hakusogongera."

Hapakuwa na neno la uongo katika jibu hilo.

Alininywesha maziwa mpaka nikatapika upya, na kesho yake ua wetu ulijaa watu. Nilisimulia. Waliokuja baadaye walitaka kusikia kutoka mwanzo, nami nilianza mwanzo. Kila mara niliongeza kidogo: alicheka, alichovya kidole gumba, midomo yake ilikuwa mikavu na myeupe. Waliniletea biskuti. Mtoto aliyekunywa kwa mrozi, mtia sumu, akapona! Wavulana wakubwa waliojifanya hawanijui waliniita kwa jina. Ilikuwa wiki nzuri kuliko zote za utoto wangu, na sina njia nyingine ya kuisema.

Siku ya nne watu walienda kumvunjia mtungi wa uji. Bibi alinishika mkono tukaenda pia. Uji ulipomwagika Maman Feza aliinama akaanza kuokota vigae vikubwa, kimoja kimoja, akiviweka kando, kwa sababu watoto wengi tulikuwa bila viatu. Neno moja lilikuwa mdomoni mwangu: mapera. Nililimeza. Jioni ile walipanda lori la kwenda Bugarama, yeye na Feza.

Miaka mingi baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu Bugarama kuangalia mashamba ya mpunga. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele nje ya kinu alinitazama akaniita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa Feza. Mama yake alikuwa ameshafariki.

"Ile siku Maman alikuwa anafunga," alisema, bila hasira, akiendelea kupepeta. "Mi nilikuwa na homa. Alimuahidi Mungu siku tatu, bila kuambia muntu. Angesogongera, angevunja."

Nimekulia katika nyumba inayofunga Ramadhani. Midomo ya mtu aliyefunga nimeiona tangu nikiwa mgongoni mwa Bibi. Katika vyote nilivyowaongezea watu uani, ile midomo mikavu ndiyo pekee iliyokuwa kweli, na mimi niliitoa kama alama ya mrozi.

Nilimweleza Zaituni jambo hili mara moja tu. Akasema: "Bale bauaji ba mu simu bako kweli, Papa Salima. Nabasikiliza juu nijue vile bako bachache. Bengine bote ni majirani tu." Wakati ule nilidhani anatetea starehe yake.

Ile njaa ya Bibi, ile isiyompa mtu usingizi mpaka apatikane mwingine, sijaisoma katika kitabu chochote cha biolojia kuwa imo ndani ya damu ya mtu. Lakini niliwahi kuilisha. Ilikaa uani kwetu ikila biskuti pamoja nami, na ilipomaliza hadithi iliomba ianzwe tena. Sasa ilikuwa imerudi, imekaa kwenye mkeka wa mke wangu. Mshipa uliopasuka hauna uso. Hakuna anayeweza kupita mbele ya nyumba yake kuuchungulia. Hata mimi, nikiwa nimeiona ile picha kwa macho yangu, kuna dakika nilitamani mkono wa Maman Sifa uwe ulitetemeka.

Usiku ule Mariamu aliifunga chupa ya chai ndani ya mfuko wa plastiki akaiweka chini ya kitanda, "juu bakubwa ba mtaa baione."

Asubuhi niliitoa chini ya kitanda. Niliiosha, nikamshika Salima mkono, tukavuka njia. Wanawake waliokuwa bombani waliacha madumu yao yakafurika. Maman Sifa alifungua mlango kidogo. Macho yalikuwa yamevimba. Tangu siku iliyotangulia hakuna mtu aliyekuwa amemsalimia.

"Papa Salima, mi sikufanya kitu."

"Najua. Nimekuletea chupa yako. Uko na chai?"

Alitoka nayo kizingitini, mahali pa kuonekana. Alimimina, akainua kikombe aonje, na sasa mkono ulitetemeka kweli. Nilikichukua kabla hakijafika mdomoni mwake. Nilikunywa nimesimama, kama Zaituni, lakini mpaka mwisho. Salima alikuwa akiniangalia kooni.

Nilirudisha kikombe, nikachuchumaa mbele ya Salima tukawa sawa macho kwa macho, nikasema kwa sauti ya kufika bombani: "Sasa nitakueleza habari ya mapera."