Azalia ya Supamaketi

Mvua inapolowesha majani makavu ya misonobari, hutoka harufu kali, kama dawa iliyochanganywa na ndimu. Nikiinusa tu, huwa nimerudi Awendo, kwenye veranda yetu, nina miaka kumi na moja na kucha zangu ni nyeusi kwa udongo.

Baba alikuwa dereva wa lori la miwa. Jumapili moja alirudi kutoka Kisumu na zawadi ya Mama: azalia ya supamaketi, kichaka kidogo chenye maua ya rangi ya waridi, kimefungwa karatasi ya kumetameta. Mama aliiweka juu ya televisheni, na kwa wiki mbili kila mgeni alilazimika kuisifu kabla ya kupewa chai. Kisha maua yakaanguka, majani yakageuka manjano, na Mama akaniambia nikaitupe shimoni.

Sikuitupa. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeona picha ya bonsai katika kitabu cha maktaba ya shule: mti mzima, wenye shina la kizee, ukiishi ndani ya sahani. Niliutamani mti kama ule jinsi wenzangu walivyotamani baiskeli. Basi nikaibeba azalia hadi kwa Mwalimu Okello, msimamizi wa klabu yetu ya kilimo, nikamwambia ninachotaka.

Aliitoa kwenye chungu chake mbele ya wanaklabu wote, akatuonyesha mizizi ilivyojisokota. Alieleza kwamba mimea ya dukani hulazimishwa kuchanua ili iuzwe haraka, kwamba maji ya kisima chetu yana chokaa nyingi mno kwa azalia, na kwamba jua la Awendo lingemaliza kitakachobaki.

"Adhiambo, hii ni ya kutazama wiki mbili," alisema. "Haifai kuwa bonsai."

Klabu nzima ilicheka. Nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto aliyetukanwa.

Jioni ile niligundua kwamba haukuwa mmea mmoja. Vilikuwa vipandikizi vitatu vilivyobanwa pamoja ili vionekane kichaka. Viwili vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Cha tatu kilikuwa na shina nene kuliko kidole gumba changu, limepinda kidogo karibu na mizizi, kama mtu anayeinama kufunga kiatu. Nilivitenganisha kwa uma wa jikoni, uma ambao Mama aliutafuta mwezi mzima.

Shangazi yangu alikuwa mpishi katika shule moja upande wa Asumbi, penye misonobari mingi. Nilikuwa nimesoma kwamba azalia hupenda udongo wa chini ya miti hiyo, nikamwomba aniletee. Aliniuliza kama nimeanza kula udongo, lakini akaja na gunia dogo. Maji niliyakinga ya mvua kwenye ndoo, na ole wake aliyeyagusa kwa kufulia. Waya wa kupindia matawi niliutoa kwenye redio iliyokufa, na sahani yangu ilikuwa bakuli la udongo lenye ufa, nililolitoboa kwa msumari.

Makosa nayo niliyafanya. Vile vipandikizi vyembamba vilikufa vyote viwili. Mwaka wa kwanza nilipunguza matawi wakati mbaya, nikakata matumba yote bila kujua, kisha nikakaa miezi nikingoja maua. Mwaka wa pili nilikata kilele na kuacha matawi ya chini, kumbe azalia nguvu zake ziko chini kuliko juu. Mti ukatanuka kama kuku anayeatamia. Nikajifunza kukata zaidi matawi ya chini na kukihurumia kilele, na polepole ukaanza kufanana na mti.

Mwaka wa tatu klabu yetu ilialikwa kwenye maonyesho ya shule, Homa Bay. Wenzangu walibeba sukuma wiki na mayai. Mimi nilibeba bakuli langu, bila kuombwa na mtu. Asubuhi ile matumba yalikuwa yamepasuka yote kwa pamoja, na mti usiofika goti langu ulikuwa umewaka waridi hadi majani hayakuonekana. Watu waliacha meza nyingine. Jaji, mama mmoja mwenye kofia pana, aliuliza uliagizwa kutoka nchi gani.

Mwalimu Okello akaomba kipaza sauti.

"Nilimwambia msichana huyu, mbele ya wenzake, kwamba mmea wa dukani haufai," alisema. "Leo nasema mbele yenu nyote: nilikosea. Yeye ndiye amenifundisha."

Tulipewa nafasi ya kwanza, pamoja na kombe. Mama alipiga vigelegele, halafu akazunguka akimwambia kila mtu kwamba ua ni lake, bwana yake ndiye alimnunulia.

Siku hizi nauza miche huko Suna, na wateja huniuliza kama azalia za dukani zinafaa kwa bonsai. Huwaambia ukweli: nyingi hazifai, tafuta yenye shina nene, na uwe na subira ya miaka. Mwalimu hakuwa mbali na ukweli, na angeweza kabisa kujitetea. Nilipokuwa mtoto nilidhani kombe ndilo ushindi wangu, nikalala nalo kitandani. Sasa nimeshafanya kazi na wakubwa wengi, na bado nangoja wa pili atakayesimama mbele ya umati na kumwambia mtoto wa watu: nilikosea.