Neno alilomtia Thani mume wangu

Thani sijamsamehe, na akija leo kuniomba radhi ntamwambia arudi kesho. Shemegi yangu huyo, mdogo wake mume wangu, kasoma Ulaya, karudi Maskati na suti na ulimi.

Mume wangu Hamoud hakusoma. Kutwa akipakia saruji ghalani huko Rusayl, jioni anarudi ananipikia chai mwenyewe. Na Idi, tukishafukua shuwa, ile nyama tunoizika shimoni na makaa, wanaume hula kwao na sie kwetu. Hamoud alikuwa anachambua mnofu laini kwenye sinia lao, ananiletea mpaka mlangoni: "Mahbuba, pokea."

Idi moja, miaka ya tisini, Thani akamwona na sahani. "Kaka yangu huyu uxorious!" Wanaume wakacheka, hata wasojua Kizungu, mijitu mizima!

"Ndo nini?" Hamoud akauliza.

"Maradhi, kaka. Kaa ule."

Akakaa. Miye mlangoni, mikono nimeinyoosha, wanawake wote wananitazama. Tangu siku ile hakuna sahani, na chai nayo ikakoma. Nyama nikiletewa na watoto, lakini siyo ya mkono wake.

Lile neno nikilirudia peke yangu jikoni nisilisahau. Mpaka Mazoon, binti yake Thani mwenyewe, akaingia chuo kikuu kusoma Kiingereza. Nikamuuliza.

Akacheka. "Ma'mkubwa, limetoka Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Uxor ni mke. Uxorious ni mwanamme anompenda mkewe kupita kiasi."

"Kiasi kakipima nani?"

"Hilo kamusi halijasema."

"Hamoud! Njoo usikie maradhi yako!"

Akaja, Mazoon akamweleza upya. Hamoud akenda zake msikitini. Nikamkasirikia na yeye. Miaka yote hiyo kumbe kanivunjia heshima kwa neno asolijua!

Idi ilofuata nikamwona anainuka na sahani.

"Umeanza tena?" Thani akasema.

"Mwanao kanifundisha. Uxor ni mke. Wangu yule pale mlangoni. Wako yuko wapi?"

Rahila, mkewe Thani, akapiga kelele nyuma yangu: "Yupo huku, njaa inamuuma!"

Wanawake tukaangua kicheko. Thani hana pa kutazama. Akainuka na yeye, suti yake na sahani yake, akaja mpaka mlangoni. Rahila akachungulia sahanini.

"Mifupa rudisha," akamwambia. "Kachambue."