Sauti ya Reine kwenye Seva ya Hamim

Mdogo wangu Hamim ana dini mbili. Ya kwanza tuliirithi kwa babu zetu Wanubi, na huikumbuka Ijumaa. Ya pili ni programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzirekebisha, na hiyo huihubiri kila siku kwenye kibanda chake cha gemu hapa Kisenyi, hata kwa mteja aliyeingia kuchaji simu tu, ambaye humwita ssebo, yaani bwana.

"Picha yako iko wapi, ssebo? Iko Amerika! Siku Muzungu akikasirika, utalilia nani? Serikali na kampuni ni bibi na bwana!"

Mimi nauza chai mlango wa pili. Hotuba hiyo nimeinywa kuliko chai yangu.

Chini ya meza alikuwa na kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Ilichezesha gemu na kutunza mafaili ya mtaa. Aliiita seva, akaifunga kwa neno la siri alilolijua peke yake.

Emérence, Mkongo anayeuza vitenge Nateete, alileta simu itengenezwe. Ndani yake mlikuwa na nyimbo alizorekodi binti yake Reine, mwimbaji wa kwaya aliyekufa kwa homa. Nakala nyingine ilikuwa kwenye kampuni ya ng'ambo. Hamim alihamishia nyimbo zote kwenye seva, akaisafisha simu ikabaki tupu, akaiwekea mfumo wake huria, kisha akamwambia afute na kule ng'ambo.

"Na yako ikikufa?" Emérence aliuliza.

"Yangu haikufi, mama. Ukiacha kitu kwao, bado uko mutumwa."

Akafuta.

Uchaguzi ulipofika, intaneti ikazimwa. Simu za Kisenyi nzima zilinyamaza, ila kwenye kibanda cha Hamim vijana walicheza mpira wa kompyuta kupitia seva huku wakipiga kelele. Naye akasimama mlangoni kama bwana harusi. "Intaneti yenu imekufa, yangu inapumua!" Nikamwambia mdomo uliponza kichwa. Akacheka.

Alasiri hiyohiyo askari wakaja.

"Intaneti imezimwa. Wewe unatoa wapi?" afande aliuliza.

"Hii si intaneti, afande. Ni network ya hapa ndani tu."

Mweleze tofauti hiyo mtu mwenye bunduki, tuone. Walimchukua yeye na seva yake, wakamchapa nyayo mpaka viatu vikamkataa. Walitaka neno la siri. Hakulitoa.

Emérence alinijia akilia. Kanisani kwao walikuwa wamepanga misa ya kumkumbuka Reine, kwaya inyamaze ili mtoto aimbe mwenyewe. Tukaenda kituoni na chakula.

"Hamim, bapatie ile paswadi," alimsihi kupitia nondo. "Bataona nyimbo za mutoto, batacheka, batakuacha."

"Mama, ndani iko mambo ya watu wengi. Siwezi."

Nilimwonea fahari, Mungu anisamehe, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi.

Intaneti iliporudi, wakamwachia. Tukaenda naye kuiomba seva, akichechemea. Afande alifurahi kutuona.

"Ile kompyuta? Iko na nguvu sana! Ilikataa kufunguka, vijana wangu wakafuta kila kitu, wakaweka gemu."

Kutoka chumba cha pili tulisikia watazamaji wa mpira wa kompyuta wakishangilia, na askari mmoja akipiga ukelele wa goli. Afande akamtazama Hamim miguuni. "Kwani wewe ulikuwa unaficha nini?"

Njiani Hamim alipumua kwa nguvu. "Angalau hakuna mutu alisoma."

Emérence alisimama. Nilidhani atampiga. "Bale Bazungu," alisema taratibu, "bangenirudishia." Akaenda zake Nateete kwa miguu.

Siku ya misa nilikwenda, Mwislamu mimi, nikaketi nyuma. Emérence hakuwa na ujasiri wa kuwaambia wanakwaya kuwa nyimbo zimefutwa. Zamu ya Reine ilipofika, kiongozi wa kwaya alishusha mkono, wote wakanyamaza na kuinamisha vichwa, wakingoja. Walingoja sana. Emérence alijifunika kitenge usoni.

Katika ukimya huo, sauti moja tu iliingia dirishani. Alikuwa Hamim, miguu imefungwa bendeji, akizungumza na mlinzi wa geti.

"Picha yako iko wapi, ssebo?"